Vidole Kumi Vyenye Gundi

Hii aibu nimekaa nayo tangu mvua za kwanza, na nilikuwa nimeapa itanifia kifuani, lakini kwa kuwa Kimilili nzima inaisimulia vibaya (kuna wanaosema nilikamatwa na bomu, kuna wanaosema nililia mbele za watu, na hao wa pili hawajakosea sana), acha niisimulie mwenyewe, na wewe ukimaliza kucheka unisaidie kuhuzunika.

Mimi ni Simiyu, naishi Matisi, kando ya mji wa Kitale, na mke wangu Nafula, na kwa miaka mitano nilifanya kazi kwenye machimbo ya mawe upande wa Kamukuywa. Mwamba wa pale hausikii nyundo, unasikia baruti tu, na mwenye cheti cha serikali cha kulipua alikuwa mtu mmoja, Mzee Wafula. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Kwenye karatasi kazi yangu ilikuwa kupuliza firimbi na kufukuza mbuzi na watu kabla mwamba haujalipuliwa. Nasema kwenye karatasi kwa sababu macho ya Mzee yalikuwa yameanza kumwacha, alikuwa hatofautishi tena waya mwekundu na wa kahawia, na siku moja alinivuta pembeni akaniambia, "Simiyu, sasa wewe ndio macho yangu. Lakini hii maneno ibaki hapa kwa mawe." Tangu siku hiyo yeye alisimama juu yangu akielekeza, mimi nikijaza mashimo na kuunganisha nyaya. Hakuna aliyewahi kuumia hata ukucha. Ila haikuwa halali, na siri hiyo tuliijua sisi wawili tu. (Sisi wawili na baba yangu, ambaye nilimwambia siku ya Krismasi nikiwa nimeshiba nyama na nataka kujisifu kidogo. Kumbuka hapo.)

Mpango wetu ulikuwa mzuri kabisa. Mimi nipate cheti changu, Mzee astaafu na heshima zake, aagwe kwa soda na mbuzi kabla mtu hajagundua kwamba haoni, na machimbo yaendelee. Lakini serikali haigawi baruti kama sukari. Lazima ikuchunguze kwanza: barua ya chifu, jina na simu ya mtu wa kukushuhudia, halafu alama za vidole vyote kumi, wakazitazame kama umewahi kuwa mhalifu mahali. Mimi sijawahi kuiba hata muwa, kwa hivyo nilikuwa nangoja siku hiyo kama harusi.

Sasa, sikiliza nilivyojiharibia. Sisi watu wa mawe vidole vyetu hupasuka, na kidole kikipasuka hatuendi hospitali, tunatia tone la supaglu kwenye ufa, tunapuliza, tunarudi kazini. Ndiyo dawa yetu, kila mtu pale ana kichupa mfukoni. Asubuhi ya safari niliangalia mikono yangu nikaona aibu, nyufa nyeusi kila mahali, kidole gumba kinatoa damu, nikajiuliza nitampaje mtu wa serikali mkono kama huu. Nikachukua kichupa nikapaka. Nikaanza na gumba, nikaona limependeza, nikaendelea na vingine mpaka vyote kumi vikang'aa. Nafula alisimama mlangoni akaniuliza, "Ati hiyo yote ni ya nini?" Nikamwambia mama, nyamaza, mtu lazima aende kwa serikali akiwa msafi. Akanifungia viazi vitamu vitatu vya moto kwenye gazeti, akavizungushia mpira wa tyubu ili visipoe, akaviweka kwenye mfuko wangu. Nikatoka nikijiona bwana mkubwa.

Ofisi yenyewe iko Bungoma mjini, na foleni siku hiyo ilifika hadi nje, walimu, madereva, wasichana wanaotafuta kazi za ng'ambo, watu wamevaa vizuri. Zamu yangu ilipofika, madam aliyekuwa mezani alinishika kidole gumba, akakibingirisha kwenye wino, akakigandamiza kwenye fomu. Likatoka doa jeusi tupu. Akajaribu kingine, doa. Akajaribu cha tatu, kisha akavua miwani akaniangalia.

"Wewe, alama zako ziko wapi?"

"Ziko hapo, madam."

"Hapa hakuna kitu."

Akakikwaruza kidole kwa ukucha wake, na kipande cha gundi kikabanduka kikabaki mezani, chembamba, kinang'aa. Wote wawili tulikitazama. Akauliza, sauti imeshuka, "Umejibandika nini kwa vidole?" Nikasema gundi. Akauliza ninaomba cheti cha kazi gani. Na mimi, badala ya kusema polepole, nikajibu kwa sauti ya machimboni (tumezoea kushindana na makelele ya mashine), "Ya baruti!"

Sijawahi kuona foleni ikirudi nyuma haraka hivyo. Mwalimu mmoja aliacha kiatu. Askari wa mlangoni akaja, akaniuliza mfuko wangu una nini, nikasema viazi. Akachungulia, akaona kitu cha duara kimefungwa gazeti na kuzungushiwa mpira mweusi, na bado kinatoa mvuke. Akasimama mbali, akanionyesha kwa rungu.

"Fungua wewe mwenyewe! Polepole! Nyinyi wengine tokeni nje!"

Nikafungua. Mpira haukubali kutoka, watu wanachungulia madirishani na simu zao juu. Viazi vikaonekana, vitatu, vyekundu, na mtu akacheka, lakini askari hakucheka, alisema, "Kula moja tuone." Basi mimi, baba wa watoto wawili, shemasi wa kanisa, nilisimama katikati ya ofisi ya serikali nikala kiazi kitamu kikavu bila maji, Bungoma yote ikinitazama nikimeza. Kilinikwama kooni nikakohoa, na walioko dirishani wakaruka tena.

Ningerudishwa nyumbani hapo, ningekuja kusimulia nikicheka. Hata madam alikuwa ameanza kulegea. Nilimweleza habari ya nyufa, nikamwonyesha kichupa, akapiga ulimi kwa huruma na kusema, "Ngai, si mnateseka." Akasema atahakikisha tu kwa mtu wangu wa kushuhudia, halafu nirudi vidole vikipona. Akapiga simu akaweka sauti kubwa. Na mtu niliyemwandika kwenye fomu alikuwa nani? Baba. Tena nilikuwa nimempigia jana yake nikamwambia, baba, serikali ikikuuliza juu yangu, nisifu bila kuficha.

"Hallo! Nani huyo?" Baba hupiga kelele kwenye simu kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mto.

"Ni ofisi ya serikali, Bungoma. Unamjua Simiyu?"

"Huyo ni kijana yangu! Wa kwanza! Mtu wa kanisa! Selikali imsaidie!"

"Anaomba cheti cha kushika baruti. Unafikiri ataiweza hiyo kazi?"

Nilijua. Nakuapia nilijua kabla hajafungua mdomo, nikanyoosha mkono nichukue simu, askari akaushika.

"Ataiweza? Mama, si huyo ndio analipua hiyo mawe yote! Miaka! Wafula macho iliisha bana, haoni hata ng'ombe mbele yake, anasimama tu, kijana yangu ndio anashika hiyo baluti yote na mkono yake! Na hajawahi kuumiza mtu! Andika hiyo!"

Madam akaandika hiyo. Aliandika polepole, hakuniangalia tena, na ile huruma yote iliisha usoni mwake. Baba bado alikuwa anasifu. Alifika hadi ubatizo wangu. Hapo ndipo nililia, nikiwa na maganda ya kiazi mkononi.

Wiki hiyo hiyo maofisa walifika machimboni. Hawakuwa wabaya, walifanya kazi yao, na walichosema kilikuwa kweli: mtu asiyeona hawezi kuwa na cheti cha baruti, na mtu asiye na cheti hawezi kuishika. Walimwomba Mzee Wafula asome karatasi. Akaishika, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga, kisha akairudisha. Cheti chake alichokishika miaka yote kilichukuliwa mbele ya vijana aliowafundisha. Hakukuwa na soda wala mbuzi. Machimbo yamefungwa mpaka leo, na jina langu limewekewa alama kwenye faili, sitaomba tena karibuni. Baba mpaka sasa anangoja nimshukuru, na sijapata moyo wa kumwambia.

Mzee sikumfuata. Ningemwambia nini? Nilipita njia za nyuma, nikaacha kwenda Kamukuywa siku za soko. Lakini Jumatatu iliyopita nilienda kutafuta mbegu za maharagwe, nikamkuta amekaa kwenye benchi nje ya duka la dawa za mifugo, fimbo kati ya magoti. Nilitaka kupita kimya, yeye si haoni. Nikapiga hatua mbili, tatu.

"Simiyu."

Sijui alinijua kwa kitu gani, labda mlio wa viatu. Nikasimama. Nikasema shikamoo mzee. Akanyoosha mkono, nikampa wangu, na badala ya kuniamkua akaanza kupapasa ncha za vidole vyangu, kimoja kimoja, gumba lake likipita taratibu.

"Zimepona," akasema. "Mistari yote imerudi. Sasa ingepigika vizuri."

Nikamwambia, mzee, nisamehe. Akasema, "Ungeniuliza tu. Mimi pia nilikuwa na nyufa siku yangu ya kupigwa alama. Unaacha mawe wiki moja, unapaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, basi." Akauachia mkono wangu, akaniuliza mvua ya Kitale iko aje.

Nimeitupa supaglu. Nimeapa sitaipaka kidole tena, na sitamwambia baba siri ya mtu mwingine, hata nikishiba namna gani. Jioni huwa nakaa nje hapa Matisi nikiangalia vidole vyangu. Ni safi kabisa, kila mstari unaonekana, na hakuna mtu anayevihitaji.