Sloti Aliyoichagua Mwalimu

Kadi ile ya mtandao haikupita sita. Tuliahidiwa gigabiti kumi kwa sekunde, sie tukapata sita tu, asubuhi sita, mchana sita, mpaka nikawa siitaki hata kuitamka namba yenyewe.

Tulikuwa wawili katika chumba cha majaribio ya mtandao, Chake Chake: mimi fundi, na mwalimu wangu, mzee wa Madungu aliyenifundisha kazi tangu sijui kushika bisibisi. Chumba kile alikipigania yeye, miaka mingi, afisi kwa afisi. Mwisho tukaletewa seva mbili zenye kadi za mtandao za kasi, tupime zinapitisha data kiasi gani, na wageni kutoka Unguja waje waone. Kadi zikifika kumi, chumba kinabaki Pemba. Zisipofika, seva zinarudi na chumba kinafungwa. Uchaguzi ulikuwa umepita juzijuzi, bendera za vyama bado zinaning'inia barabarani, na mjini kila mtu ana hakika kwamba kizuri chochote kitarudi Unguja. Mwalimu peke yake alikataa kuamini hivyo.

Nikabadilisha kebo. Nikatuma data kwa pakiti ndogo, nikatuma kwa kubwa. Nikaigawa kazi kwenye prosesa zote, maana mara nyingi moja hubebeshwa mzigo na wenzake wamekaa kitako. Wapi! Hata pakiti kubwa, ambazo ndizo za kupita kwa raha, ziligota palepale. Siku ya tatu nikaziuliza seva zenyewe kadi zao zimekaaje; moja haikuwa na tatizo, ya pili ikanijibu: kadi inataka njia nane za kupitishia data, imepewa nne. Ndani mle mna sloti mbili za kuchomekea kadi, kwa macho zinafanana, lakini moja ina njia nusu ya mwenzake. Kadi yetu ilikuwa kwenye hiyo ya nusu. Kuihamisha ni kazi ya dakika kumi.

Lakini aliyeichomeka ni mwalimu, kwa mkono wake, kwa bismillahi, kisha akalifunga sanduku la seva mbele ya wafanyakazi wote wa afisi za jirani. Kwetu mkubwa akishafunga, mdogo hafungui. Nilimgusia tu, nikamwambia labda tutazame ndani. Akaniangalia juu ya miwani.

"Ndani nimetia mimi," akasema.

Nikasema naam. Nikarudi kwenye kebo zangu.

Adhuhuri alipokwenda msikitini nilichukua bisibisi nikasimama mbele ya sanduku. Nikailegeza skrubu ya kwanza, nikaikaza tena. Mpumbavu mimi! Mtu mzima, cheti kimetundikwa ukutani, naogopa skrubu.

Wageni wakaja, wakanywa chai, wakala mkate wa kumimina, wakaoneshwa sita yetu. Mwalimu akawaeleza kwamba kadi ni mbovu, zimetoka kiwandani vile. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa. Wakaandika yao, wakashukuru sana. Wiki ileile seva zikapelekwa bandarini Mkoani kupakiwa kwenye boti.

Siku chache baadaye mmoja wa wale wageni akapiga simu. Mwalimu akaiweka sauti ya nje ili nami nisikie. Bwana yule alikuwa anacheka. Wamelifungua sanduku, kadi wameihamishia sloti ya pili, imepanda mpaka tisa na nusu, ambayo kwa kadi hizi ndiyo kumi yenyewe, kazi ya dakika kumi. Mwalimu akamuuliza kama seva zitarudi Pemba. Akajibiwa kwamba zimeshapata chumba hukohuko Unguja.

Alipokata simu alivua miwani, akaiweka mezani, akanigeukia.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Mzee."

Nilitaraji anitukane. Laiti angenitukana! Nilitaka hata anipige kofi yaishe. Hakupandisha sauti.

"Umenisitiri mbele ya wageni, mwanangu," akasema, "na umenimaliza."

Chumba sasa ni stoo ya viti vilivyovunjika miguu. Mwalimu hajakanyaga tena pale. Kila Ijumaa napita kwake Madungu, nampa shikamoo, anaitikia vizuri tu, anauliza mama hajambo, watoto hawajambo. Habari za kazi haniulizi. Kila nikienda nakuwa nimeshapanga njiani maneno ya kumwomba radhi. Nikifika, naletewa kahawa, nakaa mbele yake, nanyamaza tena.