Mama Moshi Alipoondoa Mkono

Waigizaji walimwita Mama Moshi, naye hakuwa na kinyongo na jina hilo, maana kwa miaka kumi na miwili kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya mashine ya moshi na kubonyeza kitufe. Jini akitokea ukutani, moshi. Shujaa aliyekufa asubuhi akionekana mchana anakunywa chai, mwongozaji anaita vilevile, "Moshi!" Kwa filamu hii mpya bwana huyo alileta moto wa kompyuta, mabawa ya chuma na jini mwenye vichwa vinne. Hadithi hakuileta. Ukimuuliza jini anataka nini kwa watu, anakutazama kana kwamba umemtukania mama.

Siku ya tisa walikuwa kwenye shule kuukuu waliyoikodi mpaka saa sita tu. Jini ameua mtoto, mama yake anaingia. Mama huyo aliigizwa na mpishi wa hosteli walikolala, mgeni kabisa wa kamera. Alipewa maneno mawili, "Mwanangu jamani," kisha moshi umfunike na shujaa aruke juu yake akitema moto.

Mara tatu walirekodi, mara tatu mabawa ya shujaa yakanasa dirishani. Mara ya nne yule mpishi aliokota kiatu cha mtoto, akakifuta vumbi kwa upindo wa gauni, akabaki nacho asijue akiweke wapi. Mama Moshi aliwahi kumzika binti yake wa miaka sita. Uchungu ukampanda upya, na mkono ukatoka kwenye kitufe.

"Moshi!" mwongozaji akaita. "Wewe mama, moshi!"

"Siweki. Mtu aliyefiwa hafunikwi."

"Nani kakuuliza? Kazi yako kitufe."

"Basi njoo ubonyeze mwenyewe," akasema, akaikalia mashine. Mwili alijaliwa, na hakutokea mwanamume wa kumng'oa.

Walipomaliza kubishana, mwenye jengo alishafika na funguo zake. Mama Moshi akafukuzwa kazi palepale mlangoni. Kipande kizima pekee kilichopatikana kilikuwa kile cha nne, na kwa kuwa kilijaa ugomvi, sauti ikafutwa yote.

Filamu ilipotoka alikwenda kuitazama, asikaribishwe na mtu. Moto ulikuwa moto kweli, watu wakashangilia. Shujaa alipofufuka mara ya pili bila sababu, wakacheka mpaka wakapigana vikumbo. Kisha akaja yule mama na kiatu, kimya, hakuna jini wala muziki. Vicheko vikakatika. Mwanamke wa kiti cha nyuma akaanza kulia, na Mama Moshi, ambaye hakulia hata siku ya kufukuzwa, akalia naye.

Nje, watu walimzingira mwongozaji wakimuuliza habari za kipande kile tu. "Nilikipanga hivyo tangu mwanzo," akawajibu, macho makavu. Alipomwona Mama Moshi akamvuta pembeni.

"Dada yangu, yaliyopita si ndwele. Jumatatu tunaanza sehemu ya pili. Yule mama watu wamempenda, kwa hiyo namfanya jini. Ataruka, atatema moto. Nakuhitaji kwenye mashine."

Mama Moshi alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Yule ana msiba, haendi kazini," akamwambia. "Na mimi siendi."