Fundi wa Indiketa na Uzi wa Mkono wa Kulia

Saa moja asubuhi, nje ya gereji ya mabati iliyo jirani na kituo cha mafuta, mzee mwenye ovaroli iliyopauka amesimama nyuma ya gari dogo la shule ya udereva. "Piga kushoto," anamwambia mwanamke aliye kwenye usukani. Taa inaanza kuwaka na kuzima. Mzee anaitazama, anapangusa macho, kisha anamgeukia mwandishi aliyekuja na kalamu tu.

"Inawaka upande gani?"

Kushoto, anajibiwa.

"Una hakika?"

Gereji nzima inamwita Tiktak, kwa sababu ya masikio yake. Akisikia indiketa inalia mbio mbio, anasema bila hata kuinua kichwa kwamba balbu moja imeungua. Umeme wa magari umemlisha yeye na mkewe na kuwasomesha watoto ambao sasa wana nyumba zao. Siku nzuri anashika magari manne, na siku mbaya anashinda akipiga miayo.

Lakini masikio hayaungi waya. Kwa miezi mingi mzee huyu alificha kwamba macho yameingia ukungu.

"Waya nauona, rangi ndiyo inanipiga chenga," anasema. "Kijani chenye mstari mweusi na kijani chenye mstari wa bluu, kwangu ni pacha. Sikumwambia hata mke wangu. Fundi umeme asiyeona rangi ni nani? Ni mzee aliyevaa ovaroli."

Siku moja aliletewa gari hili hili, limegongwa nyuma. Akafunga taa mpya, akaunga waya ndani ya buti, akaketi kwenye usukani na kujaribu. Mshale wa kushoto ukawaka kwenye dashibodi, mlio ukawa wa kawaida. Desturi ya mafundi ni kuzunguka nyuma kwenda kuhakikisha. Yeye hakwenda.

"Niliogopa," anasema, na sauti inashuka. "Kila nikitazama taa, mwanga unatapakaa, nakumbuka kwamba naharibikiwa. Nikajiambia masikio yanatosha."

Kesho yake mwanamke aliye kwenye usukani asubuhi hii alifanya mtihani kwa gari hilo. Anafunga mikate katika kiwanda kidogo, na mwenye kiwanda alikuwa amemwahidi gari la kusambaza mikate akipata leseni. Alipiga kushoto na kukata kona kushoto. Mtahini aliyesimama nyuma aliona taa ya kulia. Akamfelisha.

Mwalimu wa udereva alilirudisha gari gerejini akicheka kwamba ana mwanafunzi asiyejua mkono anaolia. Tiktak alizunguka nyuma peke yake, akaona alichofanya, akabadilisha waya kimya kimya. Kisha akatamka kwamba gari halina tatizo, na kwa wakati ule lilikuwa kweli halina.

"Waliendelea kumcheka yule mama, na mimi nikacheka nao," anasema. "Kosa la waya ningeweza kulimeza. Kile kicheko ndicho kinanikaba mpaka leo."

Siku chache baadaye yule mama alikuja mwenyewe.

"Fundi, shikamoo. Naomba unieleze indiketa inavyofanya kazi, maana naambiwa sijui kulia na kushoto."

Tiktak alifungua boneti. Umeme unatoka kwenye betri, alimwambia, unapita kwenye fyuzi, ambayo hukatika umeme ukizidi ili waya usiungue. Kisha unafika kwenye flasha, kidude kinachoukata na kuuachia, ndiyo maana taa inawaka na kuzima. Kutoka hapo unaingia kwenye swichi ya pembeni mwa usukani. Ukiisukuma, njia ya upande mmoja inaungana, umeme unakwenda kwenye balbu za mbele na nyuma za upande huo, halafu unarudi kwenye betri kupitia bodi ya gari.

"Na ule mshale ninaouona mbele yangu?" mama aliuliza.

"Unaonyesha ulichoagiza. Kilichofika nyuma hauonyeshi."

"Kwa hiyo mtu anaweza kupiga kushoto, akaona mshale wa kushoto, na nyuma kukawaka kulia?"

"Anaweza, kama fundi amekosea kuunga."

"Fundi gani?"

"Mimi, mama."

Mama hakupiga kelele. Alinyoosha mkono wa kulia, na kwenye kifundo chake kulikuwa na uzi mwekundu. "Wanangu wamenifunga huu," alisema, "eti mama asikosee tena."

Tiktak anasema angetukanwa angeshukuru. Siku hiyo hiyo aliongozana naye hadi shule ya udereva, akasema yote mbele ya mwalimu na wanafunzi. Fundi jirani hakumwachia: "Mzee, nyani haoni kundule, lakini wewe hukuona hata la gari." Mzee anakubali kwamba hilo alistahili. Shule imeacha kumletea magari. Mtahini, kwa upande wake, amekubali kumpima mama upya, leo.

Kwa nini basi mama amelileta gari hapa kabla ya mtihani? "Aliyeharibu ndiye anayejua palipoharibika," anajibu, akikaza mkanda, mwalimu wa udereva akiwa kando yake.

Siku hizi Tiktak haungi waya mpaka mtu amsomee rangi, na anauliza bila kuona haya, au angalau anajitahidi. Mkewe sasa anajua. Daktari amesema ni mtoto wa jicho na kwamba anaweza kutolewa. Mzee amekubali kufanyiwa upasuaji, ingawa anaogopa kisu.

Uzi bado uko mkononi mwa mama. Anasema hatauvua hata akipata leseni. Atakuja hapa ili aliyeusababisha ndiye aukate.

"Anisubiri kwanza nitoke hospitali," anasema Tiktak, akilitazama gari likiingia barabarani. "Wote mnasema ni mwekundu. Mimi naona kahawia. Siku ya kuukata nataka niuone mwenyewe."