Simamisheni Tena Mwaka Huu

Jumapili baada ya chakula cha mchana, nyumba ile hunyamaza yenyewe. Hakuna aliyeamuru. Redio hupunguzwa sauti, sahani huachwa kwenye beseni zisigongane, na simu ya Fundi hulala juu ya kabati, kioo kikitazama dari. Huo ndio wakati ambao binti yake mkubwa alikuwa akipiga kutoka ng'ambo, akianza na swali lile lile: "Baba, umekula au umemeza misumari?" Sasa hapigi. Wamebaki na ukimya wake, na hawajui pa kuupeleka.

Fundi hutengeneza makochi. Hufanya kazi misumari midogo ikiwa mdomoni, akiitoa mmoja mmoja kwa ulimi, na mwenye shida ya kuzungumza naye sharti asubiri upande mzima wa kochi uishe. Wateja humtania kwamba maneno yake ni machache lakini yote yana ncha. Binti ndiye aliyeweza kumchekesha mpaka akaitema misumari yote sakafuni. Fundi alimwita mama, kwa kuwa alibeba jina la bibi yake.

Alisomea uuguzi kwa mkopo wa serikali, baba akiwa mdhamini. Alipomaliza, kazi zikawa adimu kama maziwa ya kuku. Akaenda ng'ambo kutunza wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Mshahara wake ulikuwa mnono ukiutazama kutoka huku. Kule kwenyewe uliishia kwenye kodi ya chumba. Akaomba asimamishiwe marejesho ya mkopo mpaka mambo yakae sawa. Ofisi ya mikopo iliruhusu, mwaka kwa mwaka, mradi mdhamini afike mwenyewe kuthibitisha kwamba mkopaji bado yuko nje na kipato chake hakitoshi.

Mwaka wa pili huko, binti akafa. Homa ya mapafu, wiki moja tu, kwisha. Gharama ya kusafirisha maiti haikushikika, basi wenzake wa kazini wakamzika huko huko. Wakatuma picha ya kaburi, kisha cheti cha kifo. Majirani walikuja, wakalia, wakaenda zao. Alipoondoka mgeni wa mwisho, Fundi alikitia cheti kwenye mfuko wa plastiki, akakifungua kiti alichozoea kukalia binti akisoma, akakilaza cheti kati ya sponji na mbao, akapigilia kitambaa juu yake. Mkewe alimtazama.

Ulipofika wakati wa kuthibitisha, Fundi alinyoosha shati akaenda.

"Shikamoo, mzee," alisema karani, msichana mwenye uso wa bashasha. "Mwenzetu bado yuko kule kule?"

"Marahaba. Yuko."

"Hata kuja kutusalimia? Au kapata mchumba, kasahau kwao?"

"Hali ya kule ngumu, mwanangu."

"Haya. Tusimamishe tena?"

"Simamisheni."

Alitoka mle mwepesi kama aliyetua gunia. Alijua kwamba deni la marehemu hufutwa. Angetoa kile cheti, angekuwa huru siku hiyo hiyo. Lakini kila mahali pengine binti yake alikuwa amekwisha kuliliwa na kufukiwa. Mle ofisini tu alikuwa bado mtu wa kuulizwa habari, mtu ambaye mambo yake yangekaa sawa siku moja. Akarudi mwaka uliofuata, na uliofuata tena.

Kisha Kitinda, mdogo mtu, akapata nafasi ya kusomea ualimu. Maombi yake ya mkopo yakakataliwa: mdhamini wake ana mkopo mwingine uliosimamishwa, hawezi kubeba wa pili. Mama yake hakuwa na kipato cha kuandikika. Mjomba alipodokezwa habari ya kudhamini, alipatwa na kikohozi papo hapo, kikamtoa mpaka mlangoni.

Walikaa sebuleni, watatu, na kile kiti kitupu.

"Baba Kitinda," mkewe alisema, "hivi kule ofisini huwa unawaambiaje?"

"Nawaambia yuko nje."

"Na wao?"

"Wananiuliza hajambo."

Mama aliufunika mdomo kwa upande wa kanga. "Mwenzangu una mahali unapoulizwa hajambo," alisema. "Hata hukunichukua siku moja nikasikie."

Fundi alitafuta msumari mdomoni kwa ulimi, asiupate.

"Basi, baba," Kitinda alisema, akijitahidi kutabasamu, "si lazima iwe sasa. Mimi nitangoja mwakani."

Mwakani. Fundi alilijua neno hilo kuliko mtu yeyote nyumbani mle. Alimtazama Kitinda, mzima, anapumua, ameketi na mikono mapajani kama mtu aliyeambiwa asubiri foleni. Akainuka akaleta koleo. Aling'oa misumari ya kile kiti mmoja mmoja, bila kuchana kitambaa, na kila uliotoka alimkabidhi mkewe, naye akaupokea kiganjani.

Kesho yake walikwenda wote wawili.

"Shikamooni, wazee! Leo mmekuja na mama? Binti hajambo?"

Mama alifunga macho akaisikiliza ile sauti mpaka mwisho. Fundi akakiweka cheti mezani, akakikunjua. Karani alisoma tarehe, akaisoma tena, uso ukamshuka.

"Mzee... lakini mwaka jana..."

"Mwaka jana nilikuwa sijaweza, mwanangu. Usisimamishe tena. Funga."

Msichana alifunga, huku akipangusa macho kwa mgongo wa mkono.

Kitinda yuko mwaka wa pili chuoni. Dada yake yuko katika makaburi ya mji ule wa ng'ambo, karibu na ukuta, kama picha inavyoonyesha. Hakuna mtu wa kwao aliyewahi kufika.