Hapa Konyeza Hafiki

Korogwe mjini, ukitaka barafu ya ukwaju isiyonuka samaki, nenda kwa Mama Vaishali. Friza za wenzake zina kuku huku, dagaa kule, na barafu katikati inavuta harufu zote mbili. Ya kwake ina barafu na maziwa, basi. Sheria hiyo aliiweka marehemu mumewe, Yatin, siku friza iliposhushwa kwenye lori. "Humu hakiingii kitu kilichowahi kupumua," alisema. Ni Wahindu wasiogusa nyama wala yai, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Yatin mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa kituko. Kazaliwa Tanga, na utotoni konyeza alimkuta baharini, yule kiumbe laini kama uji uliopoa, mwenye nyuzi zinazochoma kama moto. Paja likavimba, mtoto akalia mtaa mzima ukamjua. Alipokuwa mtu mzima akahamia Korogwe, na kila aliyemuuliza kwa nini kaikimbia bahari alijibu akitazama milima ya Usambara, kidevu juu: "Hapa konyeza hafiki!" Wateja walimtania kwa neno hilo mpaka wakachoka wao.

Alipofariki, Vaishali alibaki na duka, friza na ile sheria. Kununa hakununa, watu aliwahudumia vizuri tu. Ila kile kicheko cha kushika mbavu kilikwenda na Yatin. Hata kumtaja jina mbele ya watu hakuweza.

Ndipo chumba cha uani kikapangwa na Yusra, binti wa Kizigua kutoka Mazingara kule Handeni, mwanafunzi wa chuo kikuu. Asubuhi anavaa mabuti anapanda milima ya Bungu, jioni anarudi na matope hadi magotini na vichupa mfukoni.

"Mwanangu, kuna dhahabu huko?"

"Nakamata vyura, mama."

Haya! Kila mtu na riziki yake.

Vichupa vile Yusra alivihifadhi kwenye friza ya rafiki yake mtaa wa pili, mpaka ilipokuja mvua ya upepo ikaangusha nguzo za umeme. Mji wote ukabaki bila umeme. Mwenye sola inayoweza kuendesha friza alikuwa mmoja tu, na mnamjua. Mchana huo Yusra akaingia dukani amekumbatia deli la barafu linalochuruzika maji.

"Shikamoo, mama. Nina shida."

"Marahaba. Shida gani?"

"Ni nyongo za vyura. Kuna kimelea anaishi humo ndani, haonekani kwa macho, naye ndiye ninayemtafuta. Zikioza kazi yangu yote imekwisha, na vyura niliowaua watakuwa wamekufa bure."

Nyongo! Za chura! Kwenye friza ya Yatin! Vaishali alihisi kama ameombwa auze picha ya mumewe iliyotundikwa ukutani juu ya friza hiyo hiyo. "Niombe kingine chochote, mwanangu. Hicho hapana."

Yusra hakubishana. Aliketi kwenye ngazi ya duka, deli mapajani, machozi yakimtiririka. Lakini lile neno, wamekufa bure, lilikuwa limekwisha kumchoma Vaishali. Yeye ambaye hata mende humfagia nje akiwa hai, angeziachaje roho zile zioze?

"Hebu nimwone huyo unayemlilia," alisema.

Yusra akaleta hadubini, akaitega uani kwenye jua. Vaishali akavua miwani, akainama, akasahau kuinuka. Jamani! Katika tone moja la nyongo kulikuwa na umati wa vitu vidogo, vimechongoka huku na huku kama punje za mpunga, kila kimoja kimechorwa mistari myembamba. Katika kila ncha kuna kibuyu kinachong'aa.

"Ndani ya kibuyu kuna uzi umejisokota," Yusra alimwambia. "Siku yake ikifika, unafyatuka."

"Nani kakaa akavichonga hivi, mahali ambapo hapaonekani na mtu?" Vaishali aliuliza. "Ni mdudu gani huyu?"

"Bado siwezi kuapa, mama. Sura hudanganya. Wataalamu wa zamani walitazama umbo tu wakawapa jamaa zake ukoo usio wao. Lazima tusome vinasaba vyake, ule urithi ulioandikwa mwilini, tuulinganishe na wa viumbe wengine. Hapo ndipo tutajua kwao ni wapi."

"Kidogo hivi, na kimeandikwa?"

"Kimeandikwa, mama."

Vaishali akaifungua friza. Aliitoa barafu yote akawagawia watoto wa mtaa, akaipanga ile shehena ya nyongo kwa mikono yake mwenyewe. "Nisamehe, Yatin," alinong'ona, bila kuitazama picha.

Umeme uliporudi, Yusra alivipeleka vichupa maabara, Morogoro. Vaishali akaisugua friza ndani na nje, akarudia tena, lakini moyo haukutakata. Kila asubuhi alibadilisha maua kwenye picha ya mumewe ameinamisha macho, kama mke aliyevunja ahadi.

Mvua zilipokatika, Yusra akaingia dukani anahema.

"Mama, amepatikana! Ni mpya kabisa, dunia nzima hakuna aliyewahi kumwandika. Na ukoo wake umethibitika. Ni jamaa ya konyeza."

"Konyeza yupi?"

"Wa baharini, yule anayechoma. Asili yao moja. Huyu wetu alisinyaa, akaacha mdomo, akaacha tumbo, akaingia kuishi ndani ya wengine mpaka akafika milimani. Alichobaki nacho cha kwao ni ule uzi kwenye kibuyu. Ndio ule ule konyeza anaochomea watu."

Ukistaajabu ya Musa! Vaishali aliinua macho taratibu hadi kwenye picha. Bungu, juu kule kwenye ukungu! Ndani ya chura!

Kicheko kilianzia tumboni. Alishika friza, akashika mbavu, akapiga kofi kifuniko. "Yatin! Yatin wangu! Wamefika! Na mimi ndiye niliyewakaribisha kwenye friza yako!" Machozi yalimwagika, akacheka tena, wapita njia wakasimama mlangoni kutazama.

Yusra aliogopa. "Mama, nimekukosea?"

"Hujanikosea." Vaishali alimvutia kigoda, akajifuta uso kwa ncha ya sari yake. "Kaa, mwanangu. Kaa nikusimulie habari za mume wangu."