Shanga za Kijapani za Mashimoni

Hadi leo, nikisikia msasa ukisugua jiwe lililolowa, narudi Mashimoni, Kibera, kwenye chumba chetu cha mabati, pua imejaa vumbi la jiwe la Kisii. Baba, Mkamba wa Machakos, alikuwa mchongaji. Mwishoni mwa mwaka 2007 mteja mmoja Mjapani alimletea picha ya shanga za mawe za kwao, za kale mno, zilizopinda, upande mmoja kichwa chenye tundu, upande wa pili mkia. Alitaka amchongee za kufanana nazo. Baba alianza na tundu ndipo akachonga umbo, maana jiwe likitaka kupasuka hupasukia kwenye tundu, na heri lipasuke kabla hujalitolea jasho. Kazi yangu ilikuwa kulowesha msasa na kuuliza maswali. Nilikuwa na miaka tisa na mdomo usiojua kupumzika.

Nikamuuliza zina maana gani. Alisema mteja mwenyewe hana hakika: wengine husema ni jino la mnyama, wengine mwezi mchanga, wengine mtoto aliyejikunja tumboni. Basi ploti nzima ikageuka wataalamu! Mama Zainabu, mwenye nyumba wetu, Mnubi asiyebishiwa, alikata shauri: "Hiyo ni hirizi. Nani atatoboa jiwe bure?" Mimi nilisema ni figo la mbuzi, na Baba akacheka mpaka akaangusha keekee yake ya kutobolea. Mama hakucheka. Tumbo lake lilikuwa la miezi minane, na alikuwa amesikia kwamba shanga za kale kama hizo zilichimbuliwa makaburini. "Baba Mwende, hayo mawe ya maiti yatoke humu. Unamletea mtoto kaburi kabla hajazaliwa?" Baba akahamishia kazi yake nje.

Kisha kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, na majirani waliokuwa wakiombana chumvi wakaanza kuulizana makabila. Ploti yetu ikachomwa mchana kweupe. Mama Zainabu alitupitisha uani kwake, akatufungulia lango la nyuma, tukatembea hadi Kawangware kwa shangazi. Nguo za mtoto, zile Mama alizofuma kwa uzi wa njano, ziliungua zote. Baba alitoka na mfuko wa vifaa na zile shanga tu. Siku ya tatu uchungu ukamshika Mama. Barabara zilikuwa zimezibwa kwa mawe na matairi yanayowaka, hospitali haikufikika. Mtoto alizaliwa adhuhuri, mvulana, kimya. Nililia kwa hasira, jamani, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kumwita Mutua.

Walipokuwa wakimfunga kwenye leso ya shangazi ili wakamzike, Mama alimnyooshea Baba mkono. "Nipe mmoja." Baba hakuuliza mmoja wa nini. Alipekua mfukoni, akatoa ushanga uliong'aa kuliko zote, na Mama akaufumbatisha katika vile vidole vidogo. "Kwa watu hakuendwi mikono mitupu," akasema, kwa sauti ile ile ya kunituma kwa jirani na sukari.

Siku hizi pale palipokuwa na ploti yetu kuna ghorofa, na Mama hupita bila kugeuza shingo. Juzi niliona kwenye simu wataalamu wakibishana kuhusu shanga zile: mwezi, jino, roho, cheo. Siwadharau, lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Siku moja mtu atachimba kaburi la Mutua, akute jiwe lililotobolewa katikati ya mifupa midogo, aandike kwamba hapa alizikwa mtoto wa mfalme. Hatajua kwamba mama yake hakuwa na kitu kingine cha kumpa.