Mtoto Hafungwi Kama Maiti

Mwaka 1974 nilimfunga mwanangu kwa kanga kwenye kiti cha gari, na mtaa mzima wa Isevya ukasema nimerukwa na akili.

Sikuwa mwehu. Nilikuwa mama.

Zama hizo za vijiji vya ujamaa, mume wangu Muhanna alikuwa na Land Rover kuukuu, akibeba asali ya ushirika. Siku hiyo alikuwa anapeleka madebe Nzega. Tukadandia kwenda harusini: mimi, mama mkwe wangu Bi Khole, na Tufaha wangu wa miaka mitatu.

Muhanna akayafunga madebe kwa kamba, akavuta, akakaza tena. Trafiki hakuwa na mchezo na mzigo uliolegea.

Nikawaza, debe linafungwa, mtoto je? Nikampitishia Tufaha kanga kiunoni, nikakaza fundo nyuma ya kiti.

Bi Khole akaja juu. "Weee Zamda! Mtoto hafungwi kama maiti! Wamtabiria sanda?"

"Mama, barabara mbaya."

"Nimelea saba mapajani mwangu, hakuanguka hata mmoja! Astaghfirullah!" Akaifungua kanga mwenyewe, akampakata, Tufaha akacheka.

Nikamgeukia mume wangu. Akawasha gari. "Msikilize mama. Tunachelewa."

Kwetu mkwe hajibiwi. Nikaikunja kanga.

Hatujafika mbali, ng'ombe akakatiza. Muhanna akakanyaga breki.

Tufaha akachomoka mapajani, akagonga kioo. Tukageuza mbio kwenda hospitali ya Kitete. Akakata roho njiani, mikononi mwangu.

Jioni trafiki akaja kukagua gari. Akatikisa madebe. Hata moja halikusogea.

"Pole sana, mzee. Mzigo umefungwa vizuri. Huna kosa."

Huna kosa!

Nikamvaa. "Afande, na mwanangu je?"

"Sheria haimtaji mtoto, mama."

Yaani sheria inalijua debe la asali, mwanangu haimjui! Nilitamani kumrarua yule afande, na mume wangu, na mama yake.

Wote nimeshawazika. Hasira sijaizika.

Juzi mjukuu wangu kampakata mwanawe kiti cha mbele. Kiti cha mtoto anacho, kakitupa nyuma. "Akifungwa analia, bibi."

Nikasimama mbele ya gari. Nikamwambia anigonge kwanza.

Wazazi, mtoto akilia kwa kufungwa, mwacheni alie. Wangu alikuwa anacheka.